Luigi Broglio wa San Marco, na suala la nani hulipa kikianguka

Ukitoka Malindi kwa njia ya Garsen, ukapita Mambrui na Gongoni, upande wa kulia kuna njia inayoshuka hadi Ngomeni, kati ya mashamba ya chumvi na mikoko. Ukifika ufuoni siku ya hewa safi, waona majukwaa ya chuma yamesimama baharini kwa miguu yake kama vitanda vya majitu. Vijana wengi wadhani ni mitambo ya kuchimba mafuta, na hawako mbali na ukweli, kama nitakavyoeleza. Kituo chote, cha nchi kavu na cha baharini, sasa chaitwa kwa jina la Luigi Broglio. Mjini Malindi utapata watu wengi wanaolijua jina la San Marco, lakini wachache mno wanaoweza kukwambia huyu Broglio alikuwa nani.

Nimeamua kumwandika leo kwa sababu ya chuma. Tarehe 30 Disemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita kama 2.5 na uzito wa kilo kama 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza, kwa uchunguzi wa mwanzo, kwamba ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Alhamdulillahi haikuua mtu. Mimi si wakili, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma mikataba inayosema nani alipe kitu kama kile kikivunja nyumba au kikiua ng'ombe. Na kila nilipokuwa nikisoma, mawazo yalinirudisha Ngomeni, kwa sababu sisi watu wa Pwani tuko ndani ya habari hii zaidi kuliko tunavyodhani, na aliyetutia ndani ni huyu bwana.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, mji wa bara ulio karibu kabisa na Venice. Alisomea uhandisi wa ujenzi Roma, akahitimu mwaka 1934, kisha akaingia kikosi cha wahandisi cha jeshi la anga la Italia. Kazi yake ya utafiti aliianzia Guidonia, karibu na Roma, ambako Italia ya zama hizo iliweka maabara zake za ndege. Vita vilipokwisha Italia ilikuwa nchi iliyoshindwa, haina pesa, na mwenye elimu ya namna yake angeweza kuhamia Marekani akafanya kazi ya raha. Yeye alibaki chuo kikuu. Mwaka 1952 alichukua uongozi wa shule ya uhandisi wa ndege ya Chuo Kikuu cha Roma kutoka kwa mwalimu wake mashuhuri, Gaetano Arturo Crocco, na akabaki kwenye kiti hicho kwa miongo.

Jambo la kushika hapa ni kwamba alivaa kofia mbili tangu mwanzo: profesa wa chuo na afisa wa jeshi la anga. Huyu mwenye kofia mbili ndiye aliyejua mlango gani wa serikali ubishwe na kwa nani. Jeshi lilimpa jukumu la utafiti wa roketi, na uwanja wa majaribio ukawekwa Salto di Quirra, kisiwani Sardinia. Mwaka 1959 Italia iliunda tume ya utafiti wa anga za juu na yeye akawa mwenyekiti. Januari 1961 waliirusha roketi ndogo kutoka Sardinia, ikamwaga mvuke wa sodiamu juu angani, wingu likang'aa machweo, na wao wakapima upepo wa huko juu kwa kuangalia wingu linavyosukumwa. Ilikuwa kazi ya kimasikini ukilinganisha na ya Warusi na Wamarekani, ila ilikuwa kazi safi.

Kisha Aprili 1961 wanasayansi wa anga za juu wa dunia walikutana Florence. Mwezi huohuo Yuri Gagarin alizunguka dunia. Broglio na mwenzake, mwanafizikia Edoardo Amaldi, waliutumia mkutano ule kuzungumza na watu wa NASA, na kabla ya mwaka kwisha waziri mkuu Amintore Fanfani alikuwa ameupokea mpango wao. Mwaka 1962 Italia na Marekani zikatia saini. Kwa ufupi, Marekani itatoa roketi ya aina ya Scout na kuwafundisha Waitalia kuirusha, na Waitalia watatengeneza setilaiti yao wenyewe na mahali pao wenyewe pa kuirushia. Pesa hazikupita mkono kwa mkono, kila upande ulibeba gharama zake.

Mahali penyewe pakawa Ghuba ya Ungwana. Sababu ni ya hesabu. Dunia yazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ardhi yakimbia kwa kasi ya kilomita kama 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa mashariki kutoka hapo hupewa kasi hiyo bure, ikaweza kubeba mzigo mzito zaidi kwa fueli ileile. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Halafu kuna sababu ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya nimheshimu mtu huyu: mashariki ya Ungwana ni bahari tupu kwa maelfu ya kilomita. Scout ilikuwa na hatua 4 zilizopangwa moja juu ya nyingine, na zile za chini humaliza fueli zikadondoka. Kutoka hapo zilidondoka majini, si juu ya paa la mtu. Italia ni nchi nyembamba, yenye majirani kila upande, na isingeweza kufanya hivyo nyumbani bila kuwarushia vyuma Wagiriki.

Tukumbuke pia kwamba mpango ulipoanza Kenya ilikuwa bado mikononi mwa Mwingereza. Bendera ilibadilika tarehe 12 Disemba 1963 na Waitalia wakaendelea na serikali mpya. Mzee Kenyatta alirithi mradi ambao haukuwa wake, na nchi yake, kama nitakavyoonyesha, ikarithi nao dhamana ambayo wakati huo haijaandikwa popote.

Sasa nije kwenye yale majukwaa. Aliyemsaidia Broglio alikuwa Enrico Mattei, mkuu wa ENI, shirika la mafuta la Italia. Shirika hilo lilikuwa mali ya serikali lakini Mattei aliliendesha kama tajiri mwenye duka lake, akashindana na makampuni makubwa ya mafuta ya dunia. Alikuwa na jukwaa la kuchimbia mafuta baharini lisilo na kazi, akalitoa. Ndiyo maana nikasema vijana hawako mbali na ukweli. Mattei hakuliona likifika Kenya, kwani alikufa kwenye ajali ya ndege Oktoba 1962. Jukwaa lile likaitwa Santa Rita, likavutwa na matishari kutoka Italia hadi kwetu, na mwaka 1964 roketi ndogo za utafiti zikaanza kurushwa kutoka hapo. La pili, kubwa zaidi, ambalo ndilo la kurushia Scout, lilikuwa gati la jeshi la Marekani lililogeuzwa kazi, likapewa jina la San Marco, mtakatifu ambaye watu wa Venice humhesabu kuwa mlinzi wa mji wao. Mtoto wa Mestre hakusahau kwao. Sisi Waislamu wa mwambao tumezoea kuona majina ya watakatifu yakipandwa kwenye fukwe zetu tangu zama za Mreno, na nguzo ya Vasco da Gama ingali imesimama Malindi. Tofauti ni kwamba huyu hakuja na mizinga.

Wanafunzi na wahandisi wake walipelekwa Wallops Island, Marekani, kujifunza. Tarehe 15 Disemba 1964 wao wenyewe, kwa mikono yao, waliirusha San Marco 1 kutoka hukohuko. Waitalia wapenda kusema walikuwa taifa la tatu duniani angani. Wakanada watakataa, na wana haki, kwa sababu Alouette yao, waliyoitengeneza wenyewe, iliruka mwaka 1962. Lakini Alouette ilirushwa na Wamarekani. Ukihesabu waliotengeneza setilaiti na pia wakashika kazi ya kuirusha, Waitalia wana hoja.

Tarehe 26 Aprili 1967 ikawa zamu ya Ungwana. Broglio, mwenye umri wa miaka 55, aliisimamia San Marco 2 ikiruka kutoka maji ya Ngomeni. Kabla ya siku ile hakuna aliyewahi kupeleka setilaiti angani kutoka jukwaa la baharini. Ndani yake mlikuwa na chombo alichokibuni yeye mwenyewe, ambacho mpaka leo huitwa mizani ya Broglio. Nikieleze kidogo, kwa sababu ndicho kinachounganisha maisha yake na pete ya Makueni.

Watu hudhani kwamba juu ya kilomita 200 hakuna hewa kabisa. Ipo, nyembamba mno, na kila setilaiti inayopita chini chini hukwaruzana nayo, ikapoteza kasi kidogo kidogo hadi ishuke na kuungua. Broglio aliitengeneza setilaiti kama tufe ndani ya ganda. Ganda la nje limeshikwa na mwili wa ndani kwa mikono yenye kunyumbuka. Hewa inapolisukuma ganda, mikono hujipinda kiasi kidogo sana, na kipimo cha kujipinda huko ndicho kipimo cha hewa. Ukiijua hewa ya huko juu na inavyobadilika, waweza kukadiria kitu kitashuka lini. Basi mzee huyu alikuwa akitafuta, kutoka kwenye maji ya Ngomeni, jibu la swali lilelile lililowafika watu wa Mukuku: kilichopanda kitarudi lini. San Marco 2 yenyewe ilirudi na kuungua Oktoba ya mwaka uleule.

Baada ya hapo Wamarekani wakaja kwake kama wateja. Tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka 7 ya uhuru, timu ya Broglio iliirusha setilaiti ya NASA ya kutazama miali ya eksirei ya nyota, na ikapewa jina la Uhuru. Kabla ya hapo hakuna setilaiti ya Marekani iliyokuwa imerushwa na watu wa nchi nyingine. Uhuru iliichora ramani ya kwanza ya anga zima kwa eksirei na kupata vyanzo 339, na kiongozi wa utafiti wake, Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ni jina la Kiswahili lililomo ndani ya vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima, na sijui shule ngapi za Kilifi huwafundisha watoto hilo. Jumla, kati ya 1967 na 1988, Scout 9 zilirushwa kutoka San Marco, na zote 9 zilifika. Mafundi wa roketi watakwambia rekodi hiyo si ya kawaida.

Hapa sasa ndipo niliposimama sana katika kusoma kwangu.

Wakati Broglio anarusha San Marco 2, ule Mkataba wa Anga za Juu ulikuwa umetiwa saini miezi 3 tu nyuma, Januari 1967, na ukaanza kufanya kazi Oktoba. Mwaka 1972 ukaja mwingine, mahususi kwa fidia. Lugha yake ni ya mawakili, lakini msingi wake mtu aliyesoma fiqhi madrasani ataufahamu mara moja, kwa sababu ni mlango wa dhamana: aliyeharibu hulipa, hata kama hakukusudia. Kitu cha angani kikileta madhara juu ya ardhi, au kwa ndege iliyoko hewani, dola iliyokirusha hulipa bila ya mwathiriwa kuhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Madhara yakitokea hukohuko angani, setilaiti kwa setilaiti, basi kosa lazima lithibitishwe.

Na dola iliyorusha ni nani? Mkataba unahesabu wanne: aliyerusha, aliyeagiza kurushiwa, mwenye ardhi iliyorushiwa, na mwenye mtambo uliotumika. Chukua setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, iliyoruka Ungwana mwaka 1974. Setilaiti ya Mwingereza, roketi iliyotengenezwa na kampuni ya Kimarekani, warushaji Waitalia, bahari ya Kenya. Sheria yetu ya mwaka 1972 iliihesabu Ghuba ya Ungwana kuwa maji ya nchi. Kwa hiyo ukiipima kwa mkataba ule, Kenya nayo ni mmoja wa warushaji. Tena wote wanne wadaiwa kwa pamoja na kila mmoja peke yake, yaani aliyeumia aweza kumshika yeyote amlipe yote, halafu huyo aliyelipa ndiye akawatafute wenzake. Nchi iliyotoa bahari tu, isiyo na hata msumari mmoja ndani ya ile roketi, ingeweza kuandikiwa hati ya madai.

Kuna kifungu kingine kinachonikera zaidi. Mkataba ule hautumiki kwa madhara yanayowapata raia wa dola iliyorusha yenyewe. Maana ya haraka ni hii: roketi ya kutoka Ngomeni ikianguka Maldives, Mmaldivi ana mkataba wa kumtetea. Ikimwangukia mvuvi wa Ngomeni, ambaye nchi yake nayo yahesabiwa mrushaji, wakili wa upande wa pili angekuwa na kifungu cha kujificha nyuma yake. Mvuvi huyo angebaki na sheria za Kenya na yale yaliyoandikwa kati ya Nairobi na Roma. Ndiyo kusema makubaliano ya nchi mbili, ambayo hapa Pwani tunayazungumza kama suala la kodi ya jukwaa na nafasi za masomo, ndiyo bima ya mvuvi. Yaliandikwa upya mwaka 1995, kisha 2016 huko Trento, na mazungumzo yetu ya hadharani yalikuwa juu ya pesa, data, mafunzo na tiba ya mbali. Yote hayo mazuri. Sikusikia mbunge wa upande wetu akisimama juu ya kifungu cha madhara.

Je, Broglio alilipa deni lake katika hili? Naona alilipa kwa njia ya mhandisi. Alichagua bahari tupu, roketi iliyojaribiwa, timu iliyofundishwa, akarusha mara chache na kwa uangalifu. Hakuna aliyedai kwa sababu hakukuwa na cha kudai. Lakini uangalifu wa mtu mmoja si sheria, na mtu mwenyewe huzeeka.

Naye alizeeka kwa uchungu kidogo. Miaka ya 1980 dunia ya anga za juu ilibadilika. Italia iliunda shirika lake la anga mwaka 1988, na mkurugenzi mkuu wake wa kwanza, Carlo Buongiorno, alikuwa mmoja wa vijana wa Broglio mwenyewe. Mwaka huohuo, mwezi Machi, setilaiti ya mwisho, San Marco 5, iliruka kutoka kwetu. Roketi ya Scout ilikuwa inaelekea kuachwa. Broglio alitaka Waitalia watengeneze Scout yao, yenye nguvu zaidi, kwa kushirikiana na kiwanda cha kwao, na ilivyo ni kwamba ingeruka kutoka Ngomeni. Roma iliamua vingine. Pesa zilikwenda kwenye roketi iliyokuja kuitwa Vega, na hiyo huruka kutoka Guiana ya Ufaransa, Amerika Kusini. Mapema miaka ya 1990 mzee akajitoa. Alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Shirika la anga la Italia lilikichukua kituo cha Malindi miaka michache baadaye na kukipa jina lake. Kuna hata jiwe la angani, sayari ndogo nambari 18542, liitwalo Broglio.

Kabla hajafa aliliona wazo lake likichukuliwa na wafanyabiashara. Mwaka 1999 kampuni iitwayo Sea Launch ilianza kurusha roketi kutoka jukwaa la mafuta lililogeuzwa, katikati ya Pasifiki, juu ya ikweta kabisa. Ni San Marco tupu, isipokuwa mwenye mali hakuwa serikali. Wenye hisa walikuwa Boeing ya Marekani na makampuni ya Urusi, Ukraine na Norway. Kampuni iliandikishwa visiwa vya Cayman, vyombo vyake vilipeperusha bendera ya Liberia, leseni ya kurusha ikatolewa na Marekani. Niambie hapo dola iliyorusha ni ipi. Januari 2007 roketi yao ililipuka hapohapo jukwaani na setilaiti ya kampuni ya mawasiliano juu yake. Kwa bahati, watu wote walikuwa wameondolewa kwenye jukwaa, kama ilivyo desturi yao.

Mkataba wa 1967 uliliona hili mapema. Unasema dola ndiyo yenye jukumu la yale yanayofanywa angani na watu wake binafsi, na kwamba lazima iwape idhini na iendelee kuwasimamia. Kampuni haikai kwenye meza ya mkataba wa fidia. Mwathiriwa hupitia serikali yake, nayo hudai kwa serikali ya mwenzake ndani ya mwaka mmoja. Mfano unaotajwa siku zote ni Cosmos 954, setilaiti ya Urusi ya zamani yenye mtambo wa nyuklia, iliyotapakaa kaskazini mwa Kanada Januari 1978. Kanada ilidai dola milioni 6 za kwao na ushei, ikapata milioni 3 mwaka 1981. Wale walikuwa serikali kwa serikali. Leo wanaorusha mara nyingi zaidi duniani ni makampuni, na serikali yenye akili hujilinda. Marekani, tangu miaka ya 1980, humlazimisha mrushaji binafsi kununua bima ya kuwalipa watu wa nje, hadi dola milioni 500, na hasara ikipita bima hiyo serikali hujitolea kubeba kiwango kingine. Kwa hivyo roketi ya kampuni ikiharibu mji wa watu, kuna mfuko unaojulikana kabla haijaruka.

Nasi? Aprili 2023 setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa kutoka California juu ya roketi ya SpaceX. Ilitengenezwa na kampuni ya Kikenya, SayariLabs, pamoja na EnduroSat ya Bulgaria. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini aliyeagiza kurushiwa ni Kenya, na kwa mkataba sisi ni warushaji, pamoja na Mmarekani. Siku Taifa-1 ikigonga kitu cha mwingine huko juu kwa kosa letu, barua itakuja Nairobi, haitakwenda kwa kampuni iliyotengeneza. Na tangu zamani kuna wanaotamani Ngomeni irudi kurusha, safari hii kwa makampuni, kwa sababu ikweta haijahama na bahari ya mashariki ingali tupu. Mimi siwapingi. Kazi zitakuja, barabara itatengenezwa, pengine mtoto wa Gongoni atasomea roketi bila kuvuka bahari. Ila napenda, kabla ya shoka la kwanza kukata mkoko, sheria ya Kenya iseme mrushaji binafsi aweke bima ya kiasi gani, nani amfungie leseni akikosea, na mvuvi aliyezuiwa kutega siku ya kurusha, au aliyepoteza chombo, adai wapi na alipwe ndani ya siku ngapi. Yaandikwe kwa Kiswahili pia, yabandikwe Ngomeni, Mambrui na Marereni.

Kwa sasa kituo kinaishi kwa kusikiliza. Minara yake ya nchi kavu hupokea habari za setilaiti ya Swift ya NASA, imefuatilia roketi za Ulaya, na imewasaidia hata Wachina katika safari zao za Shenzhou. Majukwaa yenyewe yameachiwa chumvi na ndege wa baharini. Wavuvi wa Ngomeni hupita karibu nayo kila alfajiri wakienda kutega, na chuma kile, cha Mattei na cha jeshi la Marekani, kinaendelea kula kutu.